Jifunze maisha ya uandishi kwa waandishi wenyewe: mwongozo kamili

Katika uzinduzi mmoja wa riwaya jijini Dar es Salaam, baada ya maswali yaliyozoeleka kuhusu dhamira na chanzo cha mawazo, binti mmoja aliyekaa viti vya nyuma alinyoosha mkono akasema: "Shikamoo mwalimu. Naomba kujua, jana uliandika saa ngapi, na uliandika nini?" Watu wakacheka. Mwandishi hakucheka. Alivua miwani, akaeleza kwamba jana hakuandika neno jipya hata moja. Alikaa mezani tangu saa kumi na moja alfajiri hadi saa kumi na mbili na nusu, akafuta aya mbili alizoziandika wiki iliyopita, akaoga, akaenda kazini. Jibu hilo ndilo nililoliandika kwenye daftari siku ile. Mengine yaliyosemwa ukumbini nimeshayasahau.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kuandika vitabu kwa Kiswahili na hana wa kumshika mkono. Mafunzo ya uandishi bunifu kwetu ni machache na mengi yako vyuoni, lakini waandishi tunao. Wengine wametutangulia na kuacha maandishi, wengine unapishana nao kituo cha daladala bila kujua. Kipaji cha mtu huwezi kukiiga. Ratiba yake, namna anavyofuta, namna anavyosoma mkataba kabla ya kusaini, hivyo vinaigika, na ndivyo nitakavyovieleza hapa kwa mpangilio ambao mimi mwenyewe nimeupitia.

Hatua ya kwanza: soma maisha yao kabla hujawatafuta

Anza na walioandika habari zao kwa mkono wao. Shaaban Robert ametuachia *Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini*. Adam Shafi ameandika *Mbali na Nyumbani*. Ken Walibora ameandika *Nasikia Sauti ya Mama*. Ninachokithamini kuliko vyote ni *Barua za Shaaban Robert*, mkusanyiko wa barua alizomwandikia mdogo wake, Yusuf Ulenge, kati ya mwaka 1931 na 1958. Tawasifu mtu huiandika akijua umma utaisoma. Barua ya kaka kwa mdogo wake haivai joho.

Usivisome kama hadithi tu. Chukua daftari, gawa ukurasa safu nne. Safu ya kwanza: ni kazi gani ilimlisha? Ya pili: aliandika saa ngapi na wapi? Ya tatu: nani aliisoma kazi kabla haijafika kwa mchapishaji? Ya nne: ni nini kilimchelewesha? Kila ukikutana na jibu, andika na namba ya ukurasa. Pasipo na jibu pabaki wazi, utakuja kupajaza siku nyingine.

Safu ya kwanza ndiyo itakayokushangaza. Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani karibu na Tanga mwaka 1909, aliajiriwa akiwa kijana mwaka 1926 kama karani wa forodha, na kazi hiyo akaifanya mpaka 1944. Baada ya hapo akapita idara ya wanyama, ofisi ya serikali Tanga, kisha idara ya upimaji. Maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya kazi zake imeandikwa na mtu mwenye bosi, mwenye saa ya kuingia na saa ya kutoka, na mwenye barua za uhamisho. Muhammed Said Abdulla, aliyetuletea mpelelezi Bwana Msa, alikuwa mhariri wa gazeti la *Mkulima* kule Zanzibar. Euphrase Kezilahabi alifundisha shule, kisha chuo kikuu. Walibora alikuwa mwalimu na mwanahabari. Abdulrazak Gurnah, mtoto wa Zanzibar, alifundisha Chuo Kikuu cha Kent kule Canterbury mpaka akastaafu. Alichapisha riwaya 10 kati ya mwaka 1987 na 2020. Piga hesabu mwenyewe: ni kama riwaya moja kila baada ya miaka mitatu na ushei, huku akisahihisha kazi za wanafunzi. Tuzo ya Nobel ilimkuta mwaka 2021 akiwa na miaka 72, jikoni kwake, na aliposikia sauti ya simu alidhani ni watu wa kuuza bidhaa.

Nalisisitiza hili kwa sababu vijana wengi wananiandikia wakisema wanataka kuacha kazi "ili waandike". Jaza safu hiyo kwa waandishi kumi kwanza, halafu uamue.

Safu ya nne nayo ina elimu yake. Kezilahabi alitoa *Gamba la Nyoka* mwaka 1979, na riwaya iliyofuata, *Nagona*, ikatoka 1990. Kwa msomaji wa nje hiyo ni miaka kumi na moja ya kimya. Ndani yake kuna shahada ya uzamivu Marekani, kuna diwani ya *Karibu Ndani* ya mwaka 1988, na kuna mtu aliyekuwa anabadilisha kabisa namna yake ya kuandika riwaya. Soma *Gamba la Nyoka* kisha *Nagona* utaona: ni kama vimeandikwa na watu wawili. Riwaya yake ya kwanza, *Rosa Mistika* ya mwaka 1971, ilipigwa marufuku shuleni, na baadaye ikaja kusomwa shuleni humo humo. Ngũgĩ wa Thiong'o, akiwa kizuizini katika gereza la Kamiti, Kenya, mwaka 1978, aliandika riwaya kwa Kigikuyu kwenye karatasi za chooni. Sikuambii haya ili uone mateso ni mazuri. Nakuambia ili ukikwama miezi minne usidhani umerogwa.

Hatua ya pili: nakili kurasa tatu kwa mkono

Hatua hii wengi huiruka, na ni bure kabisa. Chagua mwandishi mmoja unayempenda. Fungua mahali ambapo mtu anaingia nyumbani, au watu wawili wanagombana, au mtu anasafiri. Nakili kurasa tatu kwa kalamu, neno kwa neno, nukta kwa nukta. Usitumie simu wala kompyuta. Mkono una polepole yake, na polepole hiyo ndiyo inayokuonyesha mambo ambayo jicho huyapita.

Ukimaliza, chukua kalamu ya rangi nyingine. Pigia mstari kila sentensi inayoanza na kitenzi. Zungushia kila kivumishi. Hesabu maneno ya sentensi ndefu kuliko zote na fupi kuliko zote. Angalia mazungumzo: ni mara ngapi mwandishi amesema "alisema kwa hasira", na ni mara ngapi amemwacha mhusika afanye jambo badala ya kuelezwa? Mimi nilipofanya hivi mara ya kwanza niligundua kwamba kurasa tatu za mwandishi ninayemheshimu zilikuwa na vivumishi sita. Kurasa tatu zangu, nilizoziweka kando yake, zilikuwa na zaidi ya arobaini.

Fanya hivyo na waandishi watatu tofauti. Kunakili huku ni kwa mazoezi tu. Kurasa hizo hubaki kwenye daftari lako, hazichapishwi wala hazitumwi popote.

Hatua ya tatu: wafuate walipo, kwa adabu

Mwandishi wa Kiswahili si mtu wa kufichwa. Uzinduzi wa vitabu huwa wazi kwa watu wote. Julai 7 ni Siku ya Kiswahili Duniani, na wiki hiyo hukosi kongamano au mhadhara Tanzania Bara, Zanzibar, Kenya au Uganda. Aprili 13, siku aliyozaliwa Mwalimu Nyerere, Tanzania hutolewa Tuzo ya Kitaifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania. Nairobi kuna maonesho ya kimataifa ya vitabu kila mwaka, ambako wachapishaji hukaa kwenye meza zao na waandishi hupita kusaini nakala. Dar es Salaam kuna Soma Book Cafe, Mikocheni, mahali pa kusoma na kukutana. Washairi wana chama chao cha UKUTA, waandishi wa riwaya wana UWARIDI. Ukiwa mbali na miji hii, anza na maktaba ya mkoa na mwalimu wa Kiswahili wa sekondari iliyo karibu nawe. Walimu wa Kiswahili hujua mwandishi gani anaishi wapi.

Nenda na vitu vitatu: kitabu chake ulichokinunua na kukisoma, swali moja, na kalamu. Usiende na mswada wako. Nasema tena, usiende na mswada wako. Nimeona kijana akimkabidhi mzee wa watu bahasha ya kurasa mia tatu mbele ya watu huku mzee ameshika sahani ya pilau. Mzee aliipokea kwa heshima. Alipata wapi nafasi ya kuisoma, sijui.

Ukitaka kuandika ujumbe badala ya kwenda, andika kama mtu anayemwandikia mtu. Nitakupa mfano wa ujumbe uliopata jibu. Nimeuona kwa ruhusa ya aliyeuandika, na nimebadilisha mambo mawili matatu:

"Shikamoo mwalimu. Mimi ni muuguzi, naishi Morogoro. Nimemaliza kusoma riwaya yako wiki iliyopita. Sura ya saba, pale mama anapokunja khanga bila kusema neno, nimeirudia mara tatu. Naomba kukuuliza jambo moja tu: sura hiyo uliiandika mara ngapi mpaka ikakaa hivyo? Najua una shughuli nyingi. Hata ukijibu baada ya mwezi nitashukuru."

Tazama kilichomo. Salamu inayostahili umri wake. Anasema yeye ni nani kwa maneno machache. Anaonyesha amesoma, na anataja mahali. Anauliza jambo moja linalojibika kwa mistari mitano. Hadai haraka. Kenya bara salamu inaweza kuwa "Habari yako, mwalimu" na haitamuudhi mtu, lakini pwani na Tanzania mtu aliyekuzidi umri mpe shikamoo yake, hata kwenye WhatsApp. Ujumbe ule ulijibiwa baada ya siku kumi na moja kwa sauti iliyorekodiwa, dakika sita nzima.

Asipojibu, usimsumbue. Mkumbushe mara moja baada ya miezi miwili, basi.

Hatua ya nne: uliza yanayojibika

"Unapataje mawazo?" ni swali ambalo mwandishi amelijibu mara mia na jibu lake limekuwa kama wimbo. Liache. Uliza: rasimu ya kwanza ya kitabu hiki ilikuchukua muda gani, na ya mwisho? Nani wa kwanza kuisoma? Alikwambia nini ukakikataa, na ukakubali nini? Ulifuta sura gani? Nani alikuhariri, na mlibishana juu ya nini? Ulilipwaje? Swali la fedha liweke mwisho, faraghani, na kwa upole: "Kama hutajali mwalimu, mkataba wako ulikuwa wa asilimia ngapi?" Wengi wao watakwambia kwa sababu na wao waliwahi kutamani kuambiwa.

Kila jibu lirudishe kwenye zile safu nne.

Hatua ya tano: vaa ratiba ya mtu mwingine kwa wiki mbili

Hapa ndipo maarifa yanapogeuka kuwa mazoea. Chagua mwandishi mmoja ambaye maisha yake yanafanana na yako: kama una watoto wadogo, mtafute mwenye watoto; kama unafanya kazi za zamu, mtafute wa zamu. Chukua ratiba yake kama ilivyo na uiishi kwa siku 14. Baadaye utaibadilisha.

Mimi nilianza na ratiba ya alfajiri. Saa kumi na nusu saa ya simu inalia, nawasha taa ndogo ya jikoni ili nisiamshe watu, naweka maji ya chai, na mpaka adhana ya alfajiri inapoita nimeshaandika sentensi tatu au nne. Siku ya tatu nililala juu ya meza. Siku ya nane niligundua kwamba naandika vizuri zaidi nikisoma kwanza ukurasa wa jana kwa sauti ya chini. Siku ya kumi na mbili umeme ulikatika na nikaandika kwa tochi ya simu, na sikuona tofauti. Baada ya hapo nikajaribu ratiba ya mwandishi anayeandika usiku, ikanishinda ndani ya siku nne. Hivyo ndivyo nilivyojua mimi ni mtu wa alfajiri. Miaka sita niliyoandika "nikipata nafasi" haikuwahi kunifundisha hilo.

Weka kiwango kidogo unachoweza kukitimiza hata siku mbaya. Maneno 300 kwa siku, siku 5 kwa wiki, ni maneno 1,500. Kwa wiki 40 ni maneno 60,000, na hiyo ni riwaya. Mwaka una wiki 52, kwa hiyo zinabaki wiki 12 za kuugua, misiba, harusi na mitihani ya watoto. Nimeipenda hesabu hii kwa sababu inajua tunavyoishi.

Siku uliyokosa usiilipe kesho kwa maneno 600. Deni la maneno likifika 3,000 mtu huacha kabisa.

Hatua ya sita: jifunze kufuta

Nikiulizwa ni lini nilianza kuandika kwa kweli, sitaji siku niliyomaliza mswada wa kwanza. Nataja Jumamosi moja nyumbani kwa mzee mmoja, mwandishi aliyestaafu ualimu, aliyekubali kusoma kurasa kumi tu baada ya mimi kumwandikia mara mbili. Alinikaribisha barazani. Kurasa zangu zilikuwa mapajani mwake, na zilikuwa nyekundu. Neno "ghafla" lilikuwa limezungushiwa duara mara 11, na pembeni ya duara la mwisho ameandika: "Tena?"

Kisha akanisomea sentensi yangu kwa sauti, polepole, kama mtu anayesoma barua ya mahakama:

"Juma alikuwa ni mtu ambaye alikuwa na huzuni kubwa sana moyoni mwake kutokana na kufiwa na mama yake mpendwa."

Akanitazama. "Mwanangu, huzuni hii umeiona wapi?"

Nikasema iko moyoni mwa Juma.

"Moyoni mwa Juma mimi siingii. Nionyeshe nyumba yake."

Nilikaa pale nikinywa kahawa iliyopoa, nikiona aibu, mpaka nikamwambia: labda baada ya mazishi Juma anaendelea kupika chai ya watu wawili. Mzee akaninyooshea kalamu yake niandike. Nikaandika: "Tangu mazishi, Juma alikuwa akipika chai ya watu wawili." Maneno tisa badala ya kumi na tisa, na huzuni sasa inaonekana juu ya jiko.

Baada ya siku hiyo nimejiwekea utaratibu wa kupitia rasimu mara nne, na kila mara natafuta jambo moja tu, kwa sababu anayetafuta yote kwa pamoja haoni hata moja. Mara ya kwanza naangalia mpangilio: kila sura naipa sentensi moja kwenye karatasi, na sura isiyopata sentensi naiondoa. Mara ya pili natafuta mahali nilipotaja hisia kwa jina lake, huzuni, furaha, hasira, wivu, na pale naweka swali la mzee. Mara ya tatu nasoma kwa sauti. Kiswahili ni lugha ya masikio, na sentensi yenye "ambaye" tatu hukukata pumzi kabla hujafika mwisho wake. Mara ya nne ndiyo ya tahajia, alama, na upatanisho wa ngeli, na hiyo naifanya kwenye karatasi iliyochapwa, na rula nimeiweka chini ya mstari.

Halafu mpe mhariri. Rafiki anayejua Kiswahili anaweza kukusaidia, lakini hafanyi kazi ya mhariri. Mhariri mzuri atakuuliza kwa nini mhusika aliyepanda basi Korogwe anashuka Tanga bila kupita Muheza. Ukiona mhariri anakubadilishia maneno ya kwenu, ya Pemba au ya Mombasa au ya Bukavu, kwa sababu tu hayako kwenye matumizi yake, mweleze kwa upole na umpe sababu. Neno la mhusika libaki la mhusika. Sarufi ya msimulizi unaweza kumwachia mhariri.

Hatua ya saba: mkataba na fedha

Hapa niwe mkweli, kwa sababu nilijifunza kwa maumivu. Mkataba wangu wa kwanza niliusaini nimesimama, mapokezini, kwa kalamu iliyofungwa kamba. Nilikuwa na furaha kiasi kwamba sikusoma ukurasa wa tatu. Ukurasa huo ulisema haki zote ni za mchapishaji, na haukutaja kikomo. Kitabu kiliisha madukani ndani ya miaka miwili, hakikuchapwa tena, nami sikuweza kukipeleka kwingine. Kukirudisha mikononi mwangu kulinichukua miaka saba na barua nyingi.

Kwa hiyo kabla hujasaini, peleka mkataba nyumbani ukae nao siku tatu, na umwonyeshe mwandishi aliyewahi kusaini mingine. Tafuta mambo haya. Mkataba unadumu miaka mingapi? Kitabu kikiisha sokoni na kisichapwe tena, haki zinarudi kwako baada ya muda gani? Je, unatoa haki ya kuchapa kitabu tu, au pia tafsiri, filamu, redio na kitabu cha kielektroniki? Taarifa ya mauzo utaletewa mara ngapi kwa mwaka? Na mrabaha, yaani malipo yako kwa kila nakala inayouzwa, unapigwa juu ya nini?

Hilo la mwisho ndilo linalowaliza wengi. Tuseme kitabu kinauzwa shilingi 10,000 na mrabaha ni asilimia 10. Ukipigwa kwenye bei ya dukani, unapata 1,000 kwa nakala. Ukipigwa kwenye kile mchapishaji anachokipokea baada ya duka kukata, tuseme, asilimia 40, unapata 600. Asilimia ni ile ile, fedha ni tofauti. Nakala 1,000 zikiuzwa, tofauti ni shilingi 400,000.

Utaona pia kwa nini wengi wana kazi nyingine. Kinachobadilisha mapato ya mwandishi wa Kiswahili mara nyingi ni shule. *Kidagaa Kimemwozea* ya Walibora ilipokuwa kitabu teule cha sekondari Kenya, ilifika mikononi mwa wanafunzi wa nchi nzima. Usiandike ukiwinda orodha ya vitabu teule, maana anayewinda orodha huandika mahubiri. Ila ujue ipo. Tuzo nazo husaidia: Tuzo ya Mwalimu Nyerere niliyoitaja, na Tuzo ya Safal ya Kiswahili, iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, ambayo hupokea hata miswada isiyochapishwa. Soma masharti yao mwezi mzima kabla ya tarehe ya mwisho. Idadi ya maneno ikizidi, kazi haisomwi.

Ukiamua kujichapishia, namba ya ISBN, inayotambulisha kitabu, Tanzania huombwa kwa Bodi ya Huduma za Maktaba, na Kenya huombwa kwa huduma ya maktaba ya taifa. Masuala ya hakimiliki Tanzania yako COSOTA, Kenya yako KECOBO. BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa la Tanzania, hutoa ithibati ya lugha kwa vitabu, nawe utaihitaji ukitaka kuingia shuleni. Mpigachapa mwombe bei ya nakala 200 kabla ya kuvutiwa na unafuu wa nakala 2,000. Nakala zisizouzika hula nafasi chini ya kitanda, na panya nao wanapenda karatasi.

Hatua ya nane: undeni kikundi cha kusomeana

Mwandishi mzoefu atakupa dakika sita, au Jumamosi moja. Siku zilizobaki unahitaji watu wa rika lako. Wanne wanatosha. Wakizidi sita, kila mtu anangoja zamu muda mrefu mno.

Cha kwetu kinakutana kila Jumamosi ya pili, saa nne asubuhi, kwa zamu nyumbani kwa kila mmoja. Anayesomwa siku hiyo huleta kurasa kumi, hazizidi. Tunaanza kwa yeye kusoma ukurasa mmoja kwa sauti, kisha anakaa kimya nusu saa nzima wakati wengine wanaongea. Haruhusiwi kujitetea wala kueleza alichokusudia, kwa sababu kitabu kikishatoka hatakuwa kando ya kila msomaji. Kila mmoja wetu anataja mahali alipoona kwa macho yake kinachoelezwa, na mahali alipopotea. Neno "nzuri" tumelikataza lisisemwe peke yake, lazima lifuatwe na "pale aliposema...". Mara moja kila miezi mitatu tunamwalika mwandishi aliyetutangulia, tunamlipia nauli na chakula cha mchana, na tunamwonyesha ukurasa mmoja tu wa kila mtu.

Kurasa kumi za Jumamosi hutumwa Jumatano usiku, kabla ya saa tatu, ili anayefanya kazi ya zamu naye apate kuzisoma mara mbili.